Somo la 6: Kijana na Deni Lake

SABATO ALASIRI

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Kumb. 24:6, 10–13, 2 Fal. 4:1–7, 2 Fal. 6:1–7, Neh. 5:1–13, Mit. 6:1–5, Marko 7:9–13, Luka 14:28–30, Rum. 13:8.

Fungu la kukariri: Mithali 22:7.

Mji wa Tabora ulikua juu ya mkopo. Karibu na katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wa pwani walikuwa na kituo kikubwa katika Unyanyembe, mahali ambapo wageni wa wakati ule walipaita Kazeh. Richard Burton na John Speke walifika hapo mwezi Novemba 1857. Hapo njia ya Bagamoyo iligawanyika, moja ikaenda Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, nyingine ikapanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Vitambaa vya merikani, shanga na nyaya zilizopita njia hiyo, sehemu kubwa haikuwa mali ya wapagazi waliozibeba wala ya wenye misafara. Ilikuwa mali ya matajiri wa Unguja waliokopesha bidhaa, kama vile Taria Topan, mfanyabiashara wa Kihindi aliyemkopesha Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip. Mkopaji aliandikiwa bei ya juu kuliko bei ya taslimu, faida ikiwa imefichwa humo humo, kisha akangojewa arudi na pembe za ndovu.

Wako waliorudi matajiri. Wako ambao hawakurudi kabisa. Pembe zilikosekana, au vita vikafunga barabara, kama ilivyokuwa tangu 1871 Mirambo alipopigana na Waarabu wa Tabora. Basi baadhi yao wakabaki bara, kwa kuwa kurudi pwani kulikuwa ni kuonana na mdai. Wakajenga, wakaoa, wakazeeka, deni lao likiwa mbali nao kwa safari ya miezi kadhaa.

Kijana wa leo hana haja ya kukimbilia Manyema. Hubadilisha laini ya simu. Huacha kupita njia yenye duka fulani. Na mara nyingine huacha kuja kanisani, kwa sababu anayemdai huketi benchi la tatu.

Somo la juma hili linamhusu kijana huyo, na pia linamhusu yule wa benchi la tatu.

JUMAPILI
Frasila Mbili

Wengi hudhani wapagazi wa njia ya kati walikuwa watumwa. Kweli, watumwa walipitishwa njia hiyo, na hiyo ni habari ya machozi. Lakini Wanyamwezi waliobeba mizigo kwenda na kurudi pwani kwa sehemu kubwa walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira, nao waliijua kazi yao. Mzigo wa kawaida ulikuwa karibu frasila mbili, yaani kilo 30 hivi. Ulipimwa na kufungwa kabla ya safari, maana mtu aliyepewa uzito usiomfaa angeanguka porini, na msafara mzima ungesimama kwa ajili yake.

Soma Luka 14:28–30. Yesu anamtaja mtu anayeketi kwanza na kuhesabu gharama. Je, ni kwa nini Yesu anataja kuketi?

Mwenye deni huwa haketi. Yuko mbioni kuziba tundu la leo kwa fedha ya kesho, na kwa sababu hiyo hajui anadaiwa kiasi gani. Chukua mfano wa kijana wa miaka 26, dereva wa bodaboda pale Tabora mjini. Akiulizwa atasema anadaiwa kama laki nne hivi. Siku akiketi na karatasi ataona hivi: salio la kuongezewa kwenye simu, shilingi 45,000; mkopo wa programu ya simu, 120,000; mkopo wa mtaani ule uitwao kausha damu, 300,000; dukani kwa mangi, 38,000; dada yake, 150,000; na ahadi aliyoitoa wakati wa makambi, 100,000. Jumla ni 753,000. Hakusema uongo aliposema laki nne. Alikuwa hajaketi tu.

Lakini jumla peke yake haitoshi. Ule mkopo wa 300,000 una riba ya asilimia 20 kwa mwezi, nayo ni shilingi 60,000. Akilipa riba tu kwa miezi mitano atakuwa ametoa 300,000, na deni litakuwa lile lile, halijapungua hata shilingi moja. Deni la dada yake halina riba. Kwa hiyo karatasi inamwonyesha jambo ambalo aibu ilikuwa ikimficha: anayemwogopa zaidi, yaani dada yake, siye anayemmaliza. Deni la kausha damu ndilo la kushambuliwa kwanza kwa kila shilingi inayopatikana, na dada anahitaji kuambiwa ukweli na kupewa tarehe.

Kabla ya kuendelea na somo la kesho, orodhesha kila unachodaiwa, jina la mdai, kiasi na riba. Mwonyeshe mtu mmoja unayemwamini.

JUMATATU
Kusimama Nje ya Mlango

Soma Kumbukumbu la Torati 24:6, 10–13. Sheria hii inamlinda nani, na inamlinda na nini?

Mungu hakukataza kukopesha. Anayesoma sheria za Musa ataona kwamba mkopo ulihesabiwa kuwa tendo la huruma kwa ndugu aliyepungukiwa. Lakini Mungu aliweka mipaka miwili yenye maana kubwa. Wa kwanza ni jiwe la kusagia. Mkopeshaji hakuruhusiwa kulitwaa liwe rehani, kwa kuwa ndilo lililomlisha mdeni. Ukilichukua umemnyang'anya njia ya kula na njia ya kukulipa pia. Wa pili ni mlango. Mkopeshaji alipaswa kusimama nje, na mdeni mwenyewe ndiye alileta rehani. Hata maskini kabisa alikuwa na kizingiti ambacho mdai hakivuki.

Fikiria sasa programu za simu ambazo, kabla ya kutoa shilingi 30,000, huomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyohifadhiwa kwenye simu. Siku ya malipo ikipita, ujumbe wa kumwaibisha mdeni huenda kwa mama mkwe, kwa mwajiri, kwa mchungaji. Huko ni kuingia ndani ya nyumba. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha kwa njia ya kidijitali bila leseni. Mwanafunzi wa Biblia anayefikiri mambo kama hayo ni ya serikali tu asome tena fungu la 10 na la 11.

Na lile jiwe la kusagia? Pale Tabora ni pikipiki. Vijana wengi huchukua bodaboda kwa mkataba: kila siku wanampelekea mwenye chombo hesabu, tuseme shilingi 10,000, mpaka muda uishe chombo kiwe chao. Tuseme pikipiki ile dukani ni shilingi 2,800,000. Kwa siku 26 za mwezi kwa miezi 14, kijana atakuwa ametoa 3,640,000. Tofauti ya 840,000 si ajabu kwa mtu asiye na mtaji; ni bei ya kusubiriwa. Shida iko kwenye zile siku. Mikataba mingine huhesabu siku saba. Kijana Mwadventista hutia sahihi kwa furaha, na Sabato ya kwanza inapofika anagundua kwamba anadaiwa hesabu ya siku ambayo hakufanya kazi. Sabato ya tatu anaanza kuwaza kupiga tripu mbili tu, jioni, jua likikaribia kuzama. Mara nyingi kijana wa namna hiyo hakuikana imani yake. Aliuza Sabato yake miezi mingi nyuma, siku ya sahihi, bila kujua.

Suala hilo huzungumzwa kabla ya sahihi. Wenye vyombo wengi hukubali hesabu ya siku sita kwa muda mrefu kidogo, wakiombwa mapema na kwa uungwana. Baada ya sahihi hawana sababu ya kukubali.

JUMANNE
Kuna Nini Nyumbani?

Soma 2 Wafalme 4:1–7. Angalia kwa makini maswali ambayo Elisha anamwuliza mjane, na mambo ambayo hamwulizi.

Marehemu alikuwa mmoja wa wana wa manabii, mtu mcha Mungu. Alikufa akiwa na deni. Maandiko hayasemi alikopa kwa nini, wala hayamlaumu. Wako katika makanisa yetu wanaofundisha kwamba deni siku zote ni ushahidi wa uvivu au wa dhambi. Watu hao hawana budi kukaa kidogo na mume huyu ambaye mkewe anamshuhudia mbele ya nabii. Hata hivyo ucha Mungu wake haukulifuta deni. Mdai anakuja kuwachukua wavulana wawili wawe watumwa, na mdai ana haki ya desturi ya wakati ule. Jambo hilo halikuwa geni hata kwetu: katika Afrika ya Mashariki, pwani na bara, kulikuwa na desturi ya kumweka mtu rehani kwa ajili ya deni, na mara nyingi aliyewekwa alikuwa mtoto.

Elisha hamwulizi deni ni kiasi gani. Hamtafutii mkopeshaji mwingine mwenye masharti nafuu. Anamwuliza amfanyie nini, na papo hapo anauliza nyumbani ana kitu gani. Jibu la mwanamke linaanza na hapana, kisha linakumbuka chupa ya mafuta. Ndivyo huzuni ya deni inavyofanya kazi. Humfanya mtu aone kwamba hana kitu, hata anapokuwa nacho.

Nyumbani kwa kijana wa Tabora kuna nini? Labda kuna nusu eka ya baba ambayo haijalimwa misimu miwili. Labda kuna mizinga minne ya nyuki katika misitu ya miombo kule Sikonge, ambayo babu aliiacha, na asali ya Tabora haihitaji kutafutiwa sifa. Labda kuna cherehani ya mama. Labda kuna simu ya bei ya laki sita iliyonunuliwa kwa mkopo, ambayo inaweza kuuzwa kwa laki tatu, na aibu ya kutumia simu ya vitufe kwa mwaka mmoja ni ndogo kuliko riba ya kausha damu.

Kisha angalia vyombo. Mjane aliambiwa aombe vyombo vitupu kwa majirani wote, wala si vichache. Muujiza ulihitaji majirani wajue kwamba ana shida, maana huwezi kuomba mitungi kijiji kizima bila kuulizwa ni ya nini. Hakuomba fedha kwao. Alichoomba walikuwa nacho, na kuazima hakukuwapunguzia kitu. Kanisa lenye washiriki 80 lina vyombo vitupu vingi ambavyo havijaombwa: fundi anayeweza kumchukua kijana kazini kwa miezi mitatu, mama mwenye genge anayeweza kupokea asali yake, mhasibu anayejua kusoma mkataba, mwalimu anayeweza kumsindikiza kwenda kuzungumza na mdai.

Mwisho wa kisa hupitwa haraka na wasomaji. Mafuta yamejaa, na mwanamke harudi sokoni mbio. Anarudi kwa mtu wa Mungu kuuliza. Naye anampa utaratibu wa hatua tatu: kuuza, kulipa deni, kisha kuishi yeye na wanawe kwa kilichobaki. Wengi wetu tungependa hatua ya tatu itangulie. Kijana akipata laki mbili za ghafla, moyo humwambia kwanza apumzike kidogo, anunue kiatu, ampigie rafiki. Deni limesubiri miezi saba, litasubiri na wiki hii.

Linganisha na 2 Wafalme 6:1–7. Kwa nini mtu yule alilia shoka lilipozama? Je, tunakilia hivyo kitu cha kuazima?

JUMATANO
Dhamana

Soma Mithali 6:1–5. Mwenye hekima anamwambia mdhamini afanye nini, na afanye kwa haraka gani?

Mkoa wa Tabora ni mkoa wa tumbaku. Urambo, Kaliua, Sikonge na kwingineko, mkulima hupata mbolea na pembejeo nyingine kwa mkopo kupitia chama cha msingi, na deni hukatwa tumbaku inapouzwa. Mara nyingi wanachama hubebana: mmoja asipovuna, au akiuza tumbaku yake kwa mlango wa nyuma, pengo lake huziba wenzake.

Weka mbele yako kijana Mwadventista aliyerithi shamba la namna hiyo pamoja na deni la baba yake kwenye chama. Anajua kanisa lake linafundisha nini kuhusu tumbaku. Anajua pia kwamba mahindi na karanga hazimpatii mkopo wa mbolea, tumbaku ndiyo inampatia. Anasema atalima msimu mmoja tu, amalize deni. Msimu huo anakopa tena ili alime, mvua inakawia, na mwaka unaofuata anasema maneno yale yale.

Si busara kumwambia mtu huyo aache kesho na kuwaachia wenzake deni. Hiyo ingekuwa kuvunja neno, na wale walioachiwa mzigo wangelisoma kanisa kwa mfano wake. Hekima ya Mithali 6 ni ya mtu anayekwenda mwenyewe kwa mhusika, anajinyenyekeza, anasumbua, hasinzii, mpaka apate kutoka. Kwa kijana huyu inaweza kuwa kwenda kwenye chama na kuomba deni lililopo liandikwe peke yake bila kuongezwa, kulilipa kwa karanga, kwa kibarua, kwa kuuza ng'ombe mmoja, na kutopokea mfuko mwingine wa mbolea kwa jina la tumbaku. Inaweza kuchukua miaka miwili. Je, kanisa litakaa naye miaka hiyo miwili, au litamkumbuka tu siku ya kupiga kura ya nidhamu?

Neno dogo kwa waliosoma vyuo. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ni deni kama madeni mengine, ingawa kijana aliuchukua akiwa na miaka 19 na fedha zikaliwa zamani. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Ajuaye hilo mapema hapangi maisha kwa mshahara mzima. Asiyeajiriwa asisubiri kutafutwa.

ALHAMISI
Korbani, na Yule wa Benchi la Tatu

Soma Marko 7:9–13. Yesu anakemea jambo gani kuhusu mali iliyowekwa wakfu?

Swali ambalo kila mzee wa kanisa ameulizwa na kijana mwenye deni ni hili: je, nisimamishe zaka kwanza? Zaka si ya kijana huyo, kwa hiyo haiwezi kumlipia deni lake, kama vile fedha ya hesabu ya mwenye pikipiki isivyo yake. Amrudishie Mungu iliyo ya Mungu, hata ikiwa ni shilingi 700 za siku yenye tripu chache.

Lakini kuna upande wa pili ambao husemwa kwa sauti ya chini zaidi. Kijana anayesimama kwenye harambee ya makambi na kuahidi laki moja asiyokuwa nayo, ilhali mwenye duka anayemdai 38,000 yuko nje ya hema anasikiliza, amefanya jambo linalofanana sana na korbani. Vivyo hivyo sare ya kwaya ya mkopo, na harusi ya milioni saba iliyochangiwa milioni nne. Anayeendesha harambee ana sehemu yake ya lawama, kwa kuwa anamwita kijana kwa jina mbele ya watu na kumbana hadi ataje kiasi. Zaka ni wajibu. Sadaka ya hiari hutolewa katika kile mtu alicho nacho, na mwenye deni anaweza kutoa kidogo akiwa ameinua uso.

Soma Nehemia 5:1–13. Wakopeshaji walikuwa nani?

Walikuwa ndugu. Kilio cha fungu la 1 hakikuwa juu ya wageni. Watu walikuwa wameweka rehani mashamba na nyumba ili wapate nafaka wakati wa njaa, wengine walikopa ili walipe kodi ya mfalme, na binti zao walikuwa tayari utumwani. Nehemia alikasirika sana, kisha akafikiri moyoni, kisha akasema hadharani, na hakujitoa mwenyewe katika habari hiyo: yeye na jamaa zake pia walikuwa wamekopesha. Ile sehemu ya mia aliyodai irudishwe, wafafanuzi wengi huielewa kuwa asilimia moja kwa mwezi. Sheria ya Tanzania leo inawaruhusu wakopeshaji wadogo wenye leseni kutoza hadi asilimia 3.5 kwa mwezi. Kausha damu hutoza 20, hata 30. Nehemia alikung'uta vazi lake kwa ajili ya moja.

Mshiriki anayewakopesha washiriki wenzake kwa riba hiyo mara nyingi ni mtu mwema mwenye kitega uchumi kidogo, naye atasema hakumlazimisha mtu. Wakuu wa siku za Nehemia nao hawakumlazimisha mtu. Hawakuwa na la kujibu, linasema fungu la 8.

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Soma Warumi 13:8 pamoja na Mathayo 5:37 na Zaburi 37:21. Ellen G. White, akimwandikia mtu aliyezoea kukopa, alimsihi aliogope deni kama mtu aogopavyo ndui, ugonjwa ambao wakati wake uliua watu wengi. Na akamshauri aazimie kutoongeza deni jingine na ajinyime mpaka amalize. Angalia mpangilio huo: deni jipya linasimama kwanza, ndipo la zamani linapunguzwa.

Maswali ya Kujadili:

1. Mdai wa mjane katika 2 Wafalme 4 hakutajwa kuwa mwovu. Je, mtu anaweza kufuata sheria ya nchi katika kukopesha na bado akawa mbele za Mungu kama wale wa Nehemia 5? Toeni mifano kutoka katika mtaa wenu bila kutaja majina.

2. Wafanyabiashara waliobaki bara kwa kuogopa wadai wao walipata usalama wa namna fulani. Kijana anayebadilisha laini ya simu anapata nini, na anapoteza nini? Angeanzaje mazungumzo ya kwanza na mtu ambaye amemkwepa miezi sita?

3. Darasa lenu lisome mkataba mmoja wa bodaboda au wa mkopo wa simu, kifungu kwa kifungu. Sabato imeguswa wapi? Jiwe la kusagia limeguswa wapi?

4. Harambee za kanisa lenu huendeshwaje? Kijana asiye na fedha anaweza kukaa kimya bila kuaibika?

5. Kijana yule wa Jumapili amebakiza 753,000, na mkopo wa kausha damu unaiva tarehe 5. Kila mmoja darasani ataje chombo kimoja kitupu alicho nacho ambacho kijana huyo angeweza kukiazima.